Kwikwi za mtoto tumboni, naomba ushauri

Wapendwa habari zenu. Nina mimba ya wiki 32, ya kwanza. Karibu kila usiku nikishalala ubavu wa kushoto nasikia mdundo chini ya kitovu: tik, tik, tik, umepangika kama saa ya ukutani, unakwenda dakika kadhaa kisha unakata ghafla. Si teke, maana teke linakuja ovyo ovyo, mara huku mara kule. Huu haubadilishi mahali wala mwendo. Juzi niliweka rimoti juu ya tumbo, nikaiona inarukaruka.

Nesi wa kliniki aliniambia ni kwikwi: msuli ulio chini ya mapafu ya mtoto unajikaza, na haimuumizi. Akasisitiza nichunge anavyocheza. Akipunguza kucheza nisisubiri kesho, niende hospitali hapo hapo. Nikatulia. Sasa mama mkwe anasema kwikwi nyingi hivi ni kitovu kimemzunguka shingoni, anataka ninywe dawa ya mizizi. Dawa sinywi, hilo limeshaisha.

Ninachoomba: mliozaa, wenu walikuwa wanapata mara ngapi kwa siku? Ziliendelea mpaka mwezi wa tisa? Na wakunga na madaktari, kama mtoto anacheza vizuri kuna haja ya kupiga ultrasaundi kwa ajili ya kwikwi tu? Halafu nimwambieje mama bila kumkwaza, maana tunaishi nyumba moja na chai ya asubuhi anapika yeye.