Vita ikiingia, burudani za mtaani zifungwe au ziachwe?

Wadau, hili tulijadili bila kuoneana haya. Nchi ikiingia vitani tu hoja hii inaibuka, wapo wanaotaka sinema, dansi, mpira na matamasha vyote visimame kwa sababu vijana wa watu wanakufa mstari wa mbele halafu huku nyuma watu wanacheza muziki, wanaona ni kukosa utu. Wengine wanasema maisha yaendelee. Mi niko na hawa wa pili ila kwa masharti, nitayasema.

Uingereza walijaribu kufunga kweli. Siku waliyotangaza vita dhidi ya Ujerumani, 3 Septemba 1939, mwanzo wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ikaamuru sinema na kumbi za maigizo zifungwe nchi nzima, hofu ilikuwa bomu moja likiangukia ukumbi uliojaa litaua mamia. Hofu hiyo siibezi hata kidogo. Lakini mwandishi Bernard Shaw akapinga vikali kwenye gazeti la The Times, na haukupita mwezi kumbi nyingi zikawa zimeshafunguliwa tena. Fikirieni hali yenyewe, usiku taa za nje haziwashwi, madirisha yamezibwa mapazia meusi, watoto wamehamishiwa vijijini, mume kaitwa jeshini, halafu huyo mama aliyebaki peke yake unamwambia hata sinema asiende, akae gizani asikilizie king'ora. Mi namtetea huyo.

Pale London jumba la sanaa la taifa lilikuwa limehamisha picha zake likazificha mbali, kuta zimebaki tupu. Mpiga piano Myra Hess akaomba wamruhusu wapige muziki humo mchana. Onyesho la kwanza likafanyika 10 Oktoba 1939, kiingilio shilingi moja, foleni ikaenda mbali, watu wa maofisini wanakuja muda wa chakula cha mchana wanasikiliza kisha wanarudi kazini. Mabomu yalipozidi 1940 wakashuka chumba cha chini ya jengo wakaendelea, na maonyesho hayo yakadumu hadi 1946. Sasa askari aliyekuwa vitani alipungukiwa nini kwa hilo? Na askari mwenyewe akipewa likizo alikuwa anakwenda wapi kama siyo huko huko kwenye dansi na sinema?

Kuna wanaouliza habari ya hela, kwamba halmashauri itoe wapi pesa ya bendi wakati watu wanapimiwa chakula kwa kadi. Swali zuri, lakini angalieni ilivyokuwa. Treni zilitakiwa zibebe askari na silaha, kwa hiyo serikali ikawahimiza wananchi likizo zao wazimalizie nyumbani, na kuanzia 1942 halmashauri nyingi zikaandaa bendi kwenye bustani, dansi za nje, maonyesho ya watoto, mashindano ya mtaa kwa mtaa. Wapo waliosafiri tu, sikatai, ila kila familia iliyoridhika kubaki ilipunguza msongamano kwenye treni, kwa hiyo ile bendi ya bustanini ilikuwa inachangia vita vilevile. Hata dansi nyingi zilikuwa za kuchangisha pesa za kununulia ndege za kivita.

Tena msidhani ni mambo ya walioshiba. Leningrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa St. Petersburg, ulizingirwa na Wajerumani katika vita hivyo hivyo, watu wakafa njaa kwa malaki, na bado 9 Agosti 1942 orkestra ya redio ikapiga simfonia ya saba, yaani muziki mrefu wa orkestra, ya mtunzi Mrusi Shostakovich. Wanamuziki walikuwa wamedhoofika kiasi kwamba zoezi la kwanza lilikatishwa baada ya dakika 15 hivi, wapuliza tarumbeta pumzi hazitoshi, ikabidi waongezewe mgao wa chakula. Muziki ukarushwa kwa vipaza sauti mpaka upande wa adui. Sarajevo nayo, mji mkuu wa Bosnia, ikiwa bado imezingirwa kwenye vita vya huko, 1995 walianzisha tamasha la filamu. Mtu anayehatarisha maisha kwenda kuteka maji halafu jioni anakwenda kuangalia filamu, nani wa kumwambia hajui kuna vita?

Masharti sasa, na hapa silegezi. Tarehe 8 Machi 1941 ukumbi wa dansi wa Café de Paris, London, ulipigwa bomu watu wakiwa wanacheza, zaidi ya 30 wakafa akiwemo kiongozi wa bendi Ken Johnson. Watu waliamini pako salama kwa kuwa pako chini ya ardhi. Kwa hiyo mwenye ukumbi asiachiwe aamue peke yake kwamba pako salama, wakaguliwe, idadi ya watu iwe na ukomo kama mpira wa Uingereza ulivyorudishwa wakati wa vita na watazamaji 8,000 tu maeneo ya hatari, na king'ora kikilia watangaziwe ili anayetaka kutoka atoke, kumbi za maigizo kule zilifanya hivyo. Mji ukiwa unapigwa mchana na usiku, funga, uhai kwanza.

Ila kufunga eti kwa heshima tu, hapana. Wanaotaka zifungwe nawaomba mnijibu hili: baada ya kuwafungia, yule mama, wale watoto, na kijana aliyerudi na mguu mmoja, mmewaandalia nini jioni?