Simu na hedifoni saiti: nimepiga marufuku lakini wapi, nyie mnafanyaje?

Msimamizi_Mpya:
Wakuu habari za kazi. Nasimamia saiti ya ghorofa, mafundi na vibarua kibao, tipa zinaingia na kutoka kutwa nzima, winchi inapandisha matofali, yaani pilikapilika kama zote. Kinachoniumiza kichwa ni umakini wa watu. Mtu anafunga nondo huku simu kaibana kati ya sikio na bega, mwingine kavaa hedifoni ndogo zile chini ya helmeti huwezi hata kuziona mpaka umuite weee asiitike. Juzi tipa inarudi nyuma kumwaga kokoto, dogo mmoja anasukuma toroli kaipa mgongo, honi inalia, watu wanapiga kelele, yeye anatikisa kichwa tu na muziki wake. Fundi wa nondo aliyekuwa jirani ndo akamvuta kwa riflekta. Hakupata hata mkwaruzo ila dereva alishuka anatetemeka hata kuongea hawezi.

Basi nikatangaza simu zote zinabaki getini. Kinachotokea sasa wanaingia nazo kwenye soksi, halafu wanapanda kuchati juu ya jukwaa nyuma ya turubai ili nisiwaone, huko juu ndo balaa zaidi. Nipeni uzoefu, na mbali na simu kuna nini kingine cha kuangalia?

ZegeLaJioni:
Marufuku ya jumla huwa inaishia hivyo hivyo mkuu. Mtu kaacha mtoto anaumwa nyumbani, unadhani simu ataiacha getini kwa roho safi? Tenga sehemu moja yenye kivuli, mbali na njia ya magari na mbali na winchi, waambie simu inatumika hapo tu, ikiita unaweka kifaa chini unatoka unaenda hapo unaongea unarudi. Tena toa namba ya ofisi ya saiti kwa familia zao, likitokea la dharura wapige hapo mtu aitwe. Ukifanya hivyo anayechati juu ya jukwaa hana tena cha kujitetea.

Hedifoni za muziki hizo hazina mjadala, hapana kabisa. Ila usichanganye na vikinga masikio. Kama inabidi upaze sauti ili akusikie mtu aliyesimama umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwako, kelele hapo inaweza kuwa imeshafika desibeli 85 hivi na inatakiwa avae kinga. Sasa aliyevaa kinga naye honi anaisikia kwa shida, kwa hiyo huyo wa kubomoa na wa grainda usimpange kwenye njia ya tipa. Honi isiwe ndo ulinzi wako wa mwisho.

Opareta_wa_Mashine:
Mimi naendesha eskaveta, na mtakaokasirika mkasirike: anayenitoa kwenye umakini kuliko wote ni bosi. Niko katikati ya kuinua bomba la zege, minyororo imekaza, watu wako chini wanalipokea, simu inaita, nikicheki namba ya mkubwa. Nisipopokea nina kiburi, nikipokea nina roho za watu mkononi. Yeye huyo huyo asubuhi katuhutubia habari ya simu. Huwa nazima sasa, akinitaka aje asimame nimuone, nishushe mzigo, nishushe ndoo chini, tuongee.

La pili ni mtu wa ishara, yule anayetuongoza kwa mikono sisi wa magari na mashine. Karibu kila saiti yupo, kavalishwa riflekta rangi tofauti, vizuri. Nusu saa baadaye unasikia "wewe hebu kahesabu mifuko ya simenti", anaondoka, tipa inaendelea kurudi nyuma bila mtu. Kazi ya ishara ni kazi kamili, usimtume kitu kingine, akiondoka gari linasimama mpaka arudi. Na ishara nazifuata za mtu mmoja tu, wakiwa watatu kila mtu anapunga mikono yake tutaua mtu. Isipokuwa ya kusimama, hiyo yeyote akiitoa nasimama, hata awe mpishi, maswali baadaye.

Waambie na vijana: kama huoni uso wangu, basi na mimi sikuoni. Nyuma ya mashine na ule upande wa boom, yaani mkono wa mashine, mimi ni kipofu. Wengi wanadhani kwa vile mashine ni kubwa na wao wanaiona basi nami nawaona.

Mzee_wa_Mirunda:
Mnawalea sana hawa vijana. Akikamatwa na simu siku hiyo hana ujira, arudi nyumbani. Wawili watatu wakiondoka wengine watashika adabu, saiti si shule ya chekechea.

Opareta_wa_Mashine:
Shikamoo mzee. Kwa magari na hedifoni nakubaliana na wewe, hapo aondoke. Ila ukikata ujira kwa kila kitu wataanza kuficha na mengine, ubao wa jukwaa umepasuka mtu anapita kimya anaogopa kuulizwa nani kaupasua.

Dada_Usalama:
Aliyosema opareta ndo yenyewe. Kaka msimamizi, dogo na toroli kwa nini alikuwa njia moja na tipa? Hata bila muziki angekuwa pale pale. Tenga njia ya miguu na njia ya magari, weka vizuizi vinavyoonekana, utepe tu watu wanauruka.

Mengine ya kuangalia ni haraka na uchovu. Jioni zege limekuja limechelewa, kila mtu anataka kuondoka, ndo muda watu wanaruka kufunga mkanda. Na mashimo pia, shimo likifika mita 1.5 usimshushe mtu bila kuegemeza kingo zisibomoke au kuzilaza ziwe mteremko, na udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Mita moja ya ujazo ya udongo ni kama tani moja na nusu, ikikuangukia hakuna cha kuwahi kukimbia.

Kila asubuhi ongea nao dakika tano, ila mambo ya siku hiyo: leo tipa zinaingia upande gani, winchi inapita juu ya nani. Usiwasomee sheria zote, wanalala wamesimama. Na wajue mtu akiona hatari kubwa inayokaribia ana haki ya kuondoka hapo na kumtaarifu msimamizi mara moja, imo kwenye mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 167 wa mwaka 1988 unaohusu ujenzi.

Msimamizi_Mpya:
Asanteni sana wakuu. Njia ya toroli naihamishia upande wa stoo kesho kabla tipa hazijaanza. Swali moja: mtu wa ishara akienda kula?

Opareta_wa_Mashine:
Na mimi nakula.

ZegeLaJioni:
😂😂 Au fundisha wawili wapokezane, ila wakabidhiane riflekta mbele ya opareta aone nani kashika zamu.