Zuhura haina ugasumaku: mbona angahewa yake haijapeperushwa?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, vitabu vingi hutueleza kwamba Mirihi ilipoteza angahewa yake kwa sababu kiini chake kiliacha kuzalisha ugasumaku miaka takriban bilioni 4 iliyopita, na upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji zitokazo kwenye Jua, ukaikwangua hewa hiyo hadi kanieneo ikabaki chini ya asilimia 1 ya ile ya Dunia. Maelezo hayo yalinitosheleza mpaka nilipoitazama Zuhura. Nayo haina ugasumaku wa kwake, iko karibu zaidi na Jua, na bado imebeba angahewa ya kaboni dayoksaidi yenye kanieneo ipatayo mara 92 ya ile ya Dunia. Ikiwa sumaku ndiyo inayolinda hewa, Zuhura imelindwa na nini?

Mwalimu wa Fizikia:
Ndugu Mdadisi, shaka yako ina msingi, na vitabu hivyo vimerahisisha mambo kupita kiasi. Kwanza, Zuhura haikosi kinga kabisa. Miali ya urujuanimno ya Jua hung'oa elektroni katika hewa ya juu na kuunda ionosfia, tabaka linalopitisha umeme. Upepo wa Jua, ambao husafiri na ugasumaku wa Jua, unapolifikia tabaka hilo huzusha mikondo ya umeme, mistari ya sumaku ikarundikana upande wa mchana, na sehemu kubwa ya upepo ikalazimika kupita kando. Hiyo ni magnetosfia, yaani ngao ya ugasumaku inayoizunguka sayari, ya kuazima, tena nyembamba: ionosfia huishia mamia ya kilomita tu juu ya uso, ilhali mpaka wa magnetosfia ya Dunia kuelekea Jua uko umbali wa kilomita 60,000 hivi. Agosti 2010, upepo wa Jua ulipopungua mno, chombo cha Ulaya cha Venus Express kilikuta ionosfia ya Zuhura imefura na kunyooka upande wa usiku mithili ya nyotamkia.

Lakini lililo zito zaidi ni mvutano. Katika ionosfia ya Mirihi na ya Zuhura, ioni nyingi, yaani chembe zilizopoteza elektroni, ni za molekuli ya oksijeni. Ioni hiyo ikikutana na elektroni huvunjika, na atomi mbili hurushwa kwa kasi inayoweza kufikia kilomita 6 kwa sekunde. Ili kuponyoka Mirihi, kasi ya kilomita 5 kwa sekunde inatosha. Kuponyoka Zuhura kunahitaji zaidi ya 10. Kwa hiyo tukio lilelile linaloifungulia njia atomi ya Mirihi huiacha ile ya Zuhura ianguke tena. Na kwa kuwa atomi hizo hazina chaji, hakuna ugasumaku ambao ungezizuia.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Zuhura ilisalimika. Uwiano wa haidrojeni nzito kwa nyepesi katika angahewa yake ni zaidi ya mara 100 ya ule wa Dunia, dalili kwamba maji mengi yalipotea na haidrojeni nyepesi ikatangulia kutoroka.

Mdadisi:
Nashukuru, Mwalimu. Basi ugasumaku wa Dunia unatufaa nini?

Msikilizaji wa Redio:
Unafanya kazi mbili zinazokinzana. Huzuia upepo wa Jua usiigonge hewa moja kwa moja, lakini kwa kuwa ni mpana sana, hukusanya nishati kutoka eneo kubwa na kuielekeza kwenye ncha za Dunia, ambako ioni za oksijeni na haidrojeni huinuliwa na kuvuja.

Pia huibadili ionosfia yetu. Kilele chake, yaani kimo chenye elektroni nyingi zaidi, kiko kwenye kilomita 300 hivi, wakati cha Zuhura kiko karibu na 140. Kwenye ikweta ya sumaku, ambayo kwetu hupita Ethiopia, mistari hulala sambamba na ardhi. Mchana plazima, yaani mchanganyiko wa ioni na elektroni, huinuliwa juu, kisha huteremka kufuata mistari hiyo hadi nyuzi 15 hivi kaskazini na kusini. Jioni plazima hiyo huweza kuvurugika, ndiyo maana mawimbi ya setilaiti katika Afrika Mashariki huweza kuyumba baada ya jua kuchwa.

Mtafiti Kijana:
Kuhusu oksijeni nakubaliana na Mwalimu, ila nadhani ameuachilia upepo wa Jua kirahisi mno. Tazameni agoni. Ni gesi isiyoungana na kitu, hivyo haiwezi kurushwa na mmenyuko wa aina aliyoueleza. Huondoka hasa kwa kugongwa na ioni ambazo upepo wa Jua umezinyakua na kuzirudisha kwa kasi juu ya angahewa. Ioni hizo zina chaji, kwa hiyo ugasumaku wenye nguvu ungezielekeza kwingine. Vipimo vya MAVEN, chombo cha Marekani kinachoizunguka Mirihi, vilivyochapishwa mwaka 2017, vinaonyesha kwamba Mirihi imepoteza takriban asilimia 65 ya agoni iliyopata kuwa nayo hewani. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu agoni ina atomi nyepesi na nzito, na zile nyepesi hukaa juu zaidi kuliko nzito, hivyo hugongwa na kutoka kwa wingi zaidi, na uwiano wa ile iliyobaki hufichua kiasi kilichoondoka.