Nasita ninapobadilisha kodi za gitaa, kisha nawakimbia wenzangu

Mwanagenzi, Likoni

Hamjambo nyote. Najifunza gitaa. Nimeshazijua kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za G, C na D, na nikiwa peke yangu chumbani nyimbo huonekana kwenda vizuri. Binamu yangu akinipigia ngoma, hata hivyo, tunaachana kabla ubeti haujaisha. Yeye husema kwamba ninasita ninapohamisha vidole kutoka G kwenda C, kisha ninaharakisha ili kufidia. Je, nianze na metronomu, yaani kifaa cha kuhesabu mapigo kwa mlio, au niendelee kupiga naye hadi sikio lizoee? Nia yangu ni kusindikiza bango na chakacha, miziki yetu ya Pwani, kwenye harusi, si kupiga peke yangu.

Mpiga Besi, Kisauni

Ndugu yangu, binamu yako amekwambia kweli, ila tatizo naliona zaidi katika mkono wa kulia. Mkono huo unapaswa kushuka na kupanda kwa mwendo mmoja muda wote, nyuzi ziguswe zisiguswe. Hesabu kwa sauti, "moja na mbili na tatu na nne na", ukishuka kwenye kila nambari na kupanda kwenye kila "na". Kisha jaribu mpigo huu unaotumika sana: chini kwenye moja, chini na juu kwenye mbili, kwenye tatu mkono ushuke bila kugusa nyuzi, upande na kuzigusa kwenye "na" yake, halafu chini na juu kwenye nne. Hapo kwenye tatu ndipo wanaoanza hupotea, kwa kuwa wasiposikia sauti huusimamisha mkono.

Mwanzoni usibadilishe kodi kabisa. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi ili zisilie, usikie mkwaruzo tu. Ukirudi kwenye kodi, inua vidole vya kushoto kwenye "na" ya mwisho ili ubadilishe kodi, na nyuzi tupu zikilia kidogo, ziache zilie. Binamu yako anaweza kuendelea hata ukikosea kodi, lakini ukisimama hana wa kumfuata.

Mwalimu wa Jioni, Majengo

Nakubaliana naye, na metronomu ninaitetea. Anzia mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde, kwa hiyo hata saa ya ukutani yenye mlio inatosha. Usiongeze mwendo hadi upite kutoka G hadi C mara kadhaa mfululizo bila kusita, tena uongeze kidogo kidogo. Baadaye, kwa wimbo wa mapigo 80, iweke metronomu kwenye 40 na uichukulie milio yake kuwa mbili na nne. Moja na tatu utazibeba mwenyewe, na hapo ndipo utakapojua kama mwendo umekuingia au unaburutwa na mashine. Jirekodi kwa simu pia. Unapopiga, masikio yako yana upendeleo.

Chapuo, Mji wa Kale

Yote hayo ni sawa kwa nyimbo za mapigo manne, lakini mwenzetu ametaja chakacha, na hakuna aliyemjibu. Chakacha huhesabiwa sita, mkazo ukiwa kwenye moja na nne. Ukipiga chini-juu mfululizo kama ulivyofundishwa hapo juu, nne itaangukia mkono ukipanda, na mkazo wake utafifia. Piga chini-juu-chini, kisha chini-juu-chini, ili kila kundi la tatu lianze kwa kushuka. Ngoma nazo huweza kuzigawa sita hizo hizo katika mawili-mawili, mkazo ukija kwenye moja, tatu na tano, na hapo ndipo mpiga gitaa mchanga huvutwa akapotea. Kwa hiyo usimwache binamu yako. Mwombe apige polepole, nawe uanze kwa makofi kabla ya kushika gitaa.

Mwanagenzi, Likoni

Nawashukuru sana. Mguu nao uhesabu zote sita?

Chapuo, Mji wa Kale

La, moja na nne tu. Zilizobaki ziachie mkono.