Njiti wangu ana miezi kumi hajakaa, mama mkwe anasema tumembemenda. Naombeni ushauri

mama_yusufu
Habari zenu wadau, samahani uzi mrefu kidogo. Niko Tanga hapa Mikanjuni. Mwanangu wa kwanza nilijifungua mwaka jana mimba ikiwa na wiki 29, presha ilipanda ghafla nikafanyiwa oparesheni usiku usiku, alikuwa na gramu 1,100, yaani baba ake akimlaza kwenye kiganja ni miguu tu inayoning'inia. Tulikaa wodini siku 52.

Sasa ana miezi kumi. Hajakaa. Ukimkalisha bila mito anaanguka kama gunia la dagaa, na mtoto wa jirani yangu wamepishana wiki moja tu anatambaa mpaka uani anachezea jivu. Jumapili mama mkwe kaja toka Pangani, kamgeuza geuza, kamshika utosi, akasema huyu kabemendwa. Wanaojua wanajua, kwa wasiojua ni kwamba mmoja wetu katoka nje mtoto akiwa bado ananyonya halafu kaja kumbeba na uchafu wake ndo mtoto kalegea. Hakutaja nani ila macho yalikuwa kwangu. Na mume wangu toka siku hiyo kapunguza maneno, na ni huyu huyu alokuwa akija wodini jioni anavua shati anamuweka mtoto kifuani anajifunga kikoi juu yake, kangaruu ile, mpaka manesi wakawa wanamtania.

Kitu kingine, siku ya tatu walimpiga utrasaundi ya kichwa kupitia utosini wakaniambia kuna damu kidogo tutaifuatilia, basi, hakuna aliyenikalisha chini kunieleza. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kumeandikwa IVH IV, L. Mimi kuona hiyo IV nikajua ni habari za dripu maana wodini kutwa "IV ya mtoto, IV ya mtoto", nikaikunja nikaiweka kwenye bahasha ya kadi ya kliniki.

Mengine yuko vizuri tu, anacheka, akiitwa anageuka, pikipiki ya baba ake anaijua kwa mlio. Ni shoto kama marehemu babu ake, kila kitu anachukua kwa mkono wa kushoto. Swali langu, kuchelewa kukaa ndo akili imeathirika? Atasoma huyu jamani?

kijana_wa_chumbageni
Pole dada. Nimeweka kambi hapa nasubiri wataalam.

mzee_mpingo
Msidharau mila. Kubemenda kupo toka enzi za mababu. Anaogeshwa dawa siku saba anasimama. Na kama huwa anashtuka shtuka usiku hilo degedege, hospitali hawaliwezi, wanalo wenyewe wazee.

nesi_wa_zamu
Mama yusufu pole, na hongera kwa siku 52, hiyo wodi naijua inavyochosha.

Kwanza hesabu. Miezi kumi ni ya kadi. Mimba ni wiki 40, yeye katoka na 29, kwa hiyo alikuwa bado anadai wiki 11 tumboni, ambayo ni kama miezi miwili na nusu. Itoe. Mwanao ana miezi saba na nusu, na wa miezi saba na nusu kibao bado wanaanguka kama hilo gunia lako. Njiti ndivyo tunavyomhesabia mpaka afike miaka 2, kwa hiyo jirani na mtoto wake wa majivu achana nao.

Ila kuna kitu umekitaja mwishoni huko kama mzaha ndo kimenifanya nisimamishe chai. Ushoto. Mtoto hachagui mkono kabla ya mwaka, na wengi hawachagui mpaka baadae sana. Akichagua mapema mara nyingi ni kwamba ule mwingine haumtii. Fanya hivi, mlaze chali, mshikie mkono wa kushoto taratibu, halafu mwoneshe kijiko upande wa kulia. Uje uniambie kiganja cha kulia kinafanyaje.

mama_yusufu
Nimejaribu sasa hivi. Mkono umenyanyuka kidogo kama unataka kuja halafu kakasirika akalia. Ngumi haikufunguka. Kidole gumba kiko ndani ya ngumi. Dada angu, kucha za mkono huo nilikuwa nazikata kwa vita, nikajua ni ukaidi tu.

nesi_wa_zamu
Sio ukaidi. Na kwenye karatasi yako IVH ni damu kuvuja ndani ya ubongo, na hiyo IV sio dripu, ni nne ya Kirumi, yaani daraja la nne. Sijamuona mtoto kwa hiyo nakueleza karatasi inasema nini, mengine atakwambia daktari akimshika.

Ndani ya ubongo katikati kuna vyumba vya maji. Pembeni ya vyumba hivyo mtoto ambaye hajafika wiki 32 anakuwa na sehemu bado iko kazini, inatengeneza seli, ina vimishipa vyembamba mno, mimba ikifika miezi tisa inakuwa ishasinyaa yenyewe. Akitoka mapema, pumzi inakatika inarudi, presha ya damu inapanda inashuka, vile vimishipa vinapasuka, na karibu zote zinatokea ndani ya siku tatu za mwanzo. Daraja la kwanza damu inabaki palepale, la pili inaingia chumbani, la tatu inakijaza chumba mpaka kinatanuka, la nne nyama ya ubongo ya pembeni nayo inaumia. L ni kushoto. Na ubongo wa kushoto ndo unaoongoza mkono wa kulia.

Kwa hiyo jambo hili limetokea mtoto akiwa kwenye inkubeta na wewe una mshono hata kujigeuza kitandani mpaka ushikwe. Sijui mngembemenda saa ngapi.

Nenda na hiyo karatasi kwa daktari wa watoto wiki hii, usisubiri mpaka mwaka na nusu eti aonekane kama atatembea. Uliza mazoezi ya viungo, uliza macho na masikio maana njiti vyote viwili vinatakiwa vipimwe, na wampime mzunguko wa kichwa kila kliniki. Ukiona kichwa kinakua mbio, utosi umetuna, anatapika tapika, macho yanaangalia chini kama jua linazama, hiyo ni ya siku hiyo hiyo, ni maji yamejaa kichwani na upasuaji wake upo, MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanafanya.

Akili: mkono na akili sio kitu kimoja. Wengi walioumia upande mmoja wanatembea, wanaongea, wanasoma shule hizi hizi za kawaida, na kuna wanaopata shida. Siwezi kukuahidi yupo kundi lipi.

Mzee mpingo, degedege mara nyingi linatokana na kifafa au homa kali, na njiti aliyetokwa damu ubongoni yuko kwenye hatari ya kifafa. Ikitokea mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, msimfukize kinyesi cha tembo, mkimbizeni hospitali.

mzee_mpingo
Nyie wasomi haya.

baba_mapacha_duga
Hapo kwenye akili ngoja niseme ninachokiona nyumbani kwangu. Wangu mapacha, wiki 30, sasa wako darasa la tatu. Mmoja alitokwa damu daraja la pili, mwenzie picha yake ilikuwa safi kabisa. Ajabu yule wa picha safi ndo anayepata tabu darasani. Kusoma anasoma kama maji, magazeti yangu yote anayamaliza, lakini hesabu hapana, na kushika mambo matatu kwa mpigo hapana. Nikimtuma dukani chumvi, kiberiti na vocha anarudi na kiberiti halafu ananiuliza baba ulisema na nini tena. Mwalimu wake akawa anasema mtundu hasikilizi, kachapwa sana mwanangu kwa kitu ambacho sio kosa lake, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Daktari alikuja kunieleza kwamba ubongo unakua kwa kasi mno wiki zile za mwisho tumboni, nyaya za kuunganisha sehemu na sehemu ndo zinavishwa ngozi yake kipindi hicho na kuendelea, sasa njiti kazi hiyo anaimalizia nje kwenye taa na makelele na sindano, na utrasaundi haioni vitu vidogo hivyo. Sasa hivi tunamwandikia kwenye kikaratasi, hesabu tunatumia vizibo vya soda, na mwalimu mpya anampa swali moja moja. Anaenda. Kwa hiyo dada picha mbaya isikuvunje na picha nzuri isikulaze.

shangazi_bwagamoyo
Nawasalimu toka Bagamoyo. Mtoto wa kaka yangu mkono wake kama wa huyo, sasa ana miaka minne. Mtaalam wa mazoezi ya viungo alitufundisha kumvalisha soksi mkono MZURI wakati wa kucheza, dakika chache, ili ule mvivu ulazimike. Msianze wenyewe nyumbani lakini, mngoje awaoneshe maana mkizidisha mtoto anakata tamaa. Na muongeleshe sana, mwimbie, mtajie vitu, hivyo vya kumuwekea katuni kwenye simu ili upike hapana. Wifi yangu naye aliambiwa kabemenda, kalia miaka miwili.

mama_yusufu
Jamani nimerudi, wiki tatu sasa. Tulienda. Kichwa kinakua kwenye mstari wake, alhamdulillah. Mkono na mguu wa kulia wamesema misuli imekakamaa, mguu mimi hata sikuuona. Mazoezi Jumatatu na Alhamisi, na soksi tumeruhusiwa, tushapoteza mbili.

Mume wangu aliusoma huu uzi wote usiku kwenye simu yangu nimelala. Asubuhi nakuta ile karatasi iko mezani, pale penye tarehe ya utrasaundi kapigia mstari kwa peni. Hajasema kitu. Alhamisi kafunga kazi katupeleka mwenyewe na pikipiki. Mkwe bado ana lake, kaniletea mafuta ya nazi ya kumkanda, wa mazoezi kasema kukanda ruksa ila asimvute viungo, nimemfikishia hivyo hivyo.

Jana kikombe kiko upande wa kulia kakifuata kwa ule mkono. Hakukishika, kakigonga kimeanguka kimevunjika. Nilikaa chini nikalia pale pale kwenye chai.

Limebaki la masikio, kuna anayejua hapa Tanga wanapima wapi watoto wadogo hivi?

kijana_wa_chumbageni
Nicheki inboksi nikuelekeze, dada angu alimpeleka wake. Na kikombe mwekee cha plastiki.