Fundi kaonja maji ya mvua sebuleni kwangu akasema "bosi, nyumba inatoa jasho"

Mkorosho Mkongwe (mleta uzi)

Wakuu za Jumapili, ingawa kwangu sio Jumapili, kwangu ni msiba wenye bati.

Naandika huku mikono inatetemeka, ndoo tatu ziko sebuleni, sufuria la pilau liko koridoni na beseni la kuogeshea mtoto liko katikati ya kitanda changu, mke wangu kalala upande ule mi nitalala upande huu beseni katikati kama mtoto wa tatu. Na hapa Chuno mvua inapiga kama imekuja kudai kodi.

Simtaji mtu jina. Kwanza mods watafuta uzi, pili hakuna haja, mnamjua. Mtwara nzima inamjua. Yule jamaa wa ngazi ya mianzi, tepu yake imekatika inaishia futi tano kwahiyo dunia yote kwake ina futi tano, penseli iko sikioni tangu enzi za vurugu za gesi na sijawahi kumuona akiandika nayo kitu. Akiona upepo unavuma anatabasamu. Huyo huyo.

Sasa ni hivi. Desemba ule upepo uliovuma usiku uling'oa bati tisa za upande wa baharini, moja tuliikuta asubuhi kwenye mkorosho wa jirani imekaa kama bundi. Nikampigia. Akaja, hakupanda hata juu, akasimama chini akafumba jicho moja akasema bosi hii kazi ya siku mbili. Ufundi laki nne, advansi laki mbili na nusu. Na ninunue bati kumi na nne. Nikamuuliza mbona zimetoka tisa akaniambia bosi ukiweka mpya tisa zile za zamani zitaona wivu. Nikacheka, nikatoa hela. Yaani nilicheka wakuu. Na hela nikatoa.

Siku mbili zikawa siku kumi na tisa. Kafiwa Tandahimba. Kafiwa tena Tandahimba. Ngazi kaazima mtu. Kafiwa Tandahimba, mpaka nikawa nawaza huko Tandahimba kabaki nani wa kuzika. Mwishowe akamaliza, nikamwongezea laki moja, nikabakiza elfu hamsini nikasema tusubiri mvua ituambie.

Leo mvua imetuambia.

Leo kaja baba mkwe kutoka Newala, mara ya kwanza tangu harusi, kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi inakata. Mke wangu kapika pweza wa nazi. Tumekaa, mvua ikaanza, tone likadondoka kwenye kipara cha mzee. Akapangusa. La pili likaingia kwenye kikombe chake cha chai, tumbwi! Mi nikasema baba ni mijusi tu hiyo. Mzee akaangalia juu, akaniambia taratibu, mwanangu, mjusi gani anakojoa kwa saa?

Na fundi alikuwepo! Alikuwa kaketi hapo hapo kwenye mkeka na sahani ya pweza, amekuja kudai elfu hamsini yake! Akainuka, akapanda juu ya sofa la mke wangu NA VIATU, akakinga tone kwa kidole, AKALIONJA, akatafuna kidogo kama mtu anayeangalia chumvi ya mchuzi, akasema: "Bosi, hii sio kuvuja. Nyumba inatoa jasho."

Nje radi inapiga. Ndani maji yanashuka kama yana ratiba. Jasho!

Na akaongeza, "nyumba yenye afya lazima itoe jasho." Halafu akarudi kukaa akamalizia pweza.

Baba mkwe akaniangalia muda mrefu, akauliza, "Hii nyumba umejenga au umepanga?"

Wakuu kaonja maji. KAONJA.

---

Kusi la Alfajiri

Nimewahi siti ya mbele, aliye na korosho za kukaanga azungushe huku.

---

Mtoto wa Ligula

Hahahaha namjua aisee, kapaua kwa shangazi yangu Magomeni. Kofia ya paa aliiweka kichwa chini miguu juu, ikawa mfereji, maji ya paa zima yakawa yanakusanyika pale halafu yanaingia ndani kwa heshima kabisa. Shangazi alipolalamika akaambiwa hiyo ni teknolojia ya kuvuna maji.

---

Binti Mikindani

Naomba nielewe. Mtu kakuchelewesha siku kumi na tisa, kakunywesha mkweo maji ya paa, kapanda sofa na viatu, na we ukamwacha amalizie pweza? Mkuu tatizo lako sio bati.

---

Mkorosho Mkongwe

Ningefanyaje Binti, mbele ya mkwe nianze kunyang'anya mtu sahani? Nilikuwa nishavuliwa nguo, nikose na ukarimu?

---

Mhandisi wa Jioni

Samahani mleta uzi, ila kisayansi fundi hajakosea sana. Bati hutoa jasho kweli. Hewa ya ndani yenye unyevu ikigusa bati lililopoa inageuka matone, hasa alfajiri, hasa nyumba isiyo na silingi wala matundu ya hewa, na sisi wa pwani unyevu wetu ni mkubwa. Kwahiyo lugha aliyotumia

---

Mkorosho Mkongwe

Mhandisi TOKA. Toka kwenye uzi wangu. Saa nane mchana! Mvua inanyesha! Jasho gani linasubiri mvua ianze nalo ndo lianze?

---

Mhandisi wa Jioni

Nilikuwa sijamaliza sentensi.

---

Kusi la Alfajiri

Fundi keshapata wakili hahaha

---

Nyundo Butu

Tuache utani kidogo, mi kazi yangu ni kupaua. Mleta uzi mvua ikikatika pandisha kijana juu akuangalizie vitu viwili vitatu. Misumari imepigwa mgongoni mwa bati au bondeni? Msumari unakaa mgongoni, na mpira wake, maji yakipita bondeni yasikutane na tundu. Angalia bati zimelaliana migongo mingapi, na mdomo wa kulaliana umeelekea wapi, ukiuelekeza baharini umemfungulia upepo mlango, anaingiza mkono tu anavua kama kofia. Na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwa waya kwenye lenta ya juu ya ukuta au zimekalishwa tu zinamwomba Mungu? Halafu ni geji ngapi hizo?

---

Mkorosho Mkongwe

Kijana kapanda sasa hivi mvua imetulia kidogo. Misumari yote bondeni. Mpira hamna, kuna vipande vya ndala.

Geji angalau pale alinisaidia, hela nilimpa ya 28 ila akaniletea 32, akasema kapambana na muuzaji mpaka akampa ya juu zaidi kwa bei ile ile.

---

Nyundo Butu

Mkuu.

Mkuu kaa chini.

Geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Wewe hapo umefunikwa na karatasi ya biskuti.

---

Mtoto wa Ligula

Nimetoka nje kucheka, nimerudi, nimetoka tena.

---

Mama Wawili

Vipande vya ndala jamani. Rangi gani?

---

Mkorosho Mkongwe

Bluu. Na sasa ndo nakumbuka ndala ya bluu ya mwanangu ilipotea Desemba tukamsingizia mbwa.

---

Pweza Mkavu

Mi nakaa nae mtaa mmoja huyo bwana. Ana banda la kuku jipya limepauliwa vizuri hujawahi kuona, misumari mgongoni yote, bati nzito, ukigonga inalia ngoo. Nimekuwa najiuliza hela katoa wapi. Kuku wake hawatoi jasho.

---

Binti Mikindani

KUKU WAKE HAWATOI JASHO, uzi ufungwe.

---

Mkorosho Mkongwe

Pweza hesabu hizo bati. Nakuomba kwa jina la Mungu hesabu.

---

Pweza Mkavu

Tano. Kuna ya sita kaifanya mlango.

---

Mkorosho Mkongwe

Nilinunua kumi na nne zikatoka tisa...

Kaonja maji yangu wakuu. Anajua yametokea wapi halafu anaonja.

---

Mwana Mingoyo

Nyie wa Mtwara mnadeka. Huku Lindi kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilivyopita barabara ya Dar ikakatika kule Somanga magari yakalala, mi nilikuwa nishalipa bati zangu zote. Fundi wangu akanipigia bosi bati zimekwama Somanga. Nikaelewa, nani asingeelewa. Barabara ikatengenezwa, mabasi yakapita, malori yakapita, samaki wakapita. Bati zangu ziko Somanga mpaka kesho. Nishazoea, watoto wakiuliza tutahamia lini nyumba mpya nawaambia zikitoka Somanga.

---

Babu Ng'apa

Hizo bati mnazisumbukia bure. Kimbunga cha 1952 kilichopiga Lindi wazee wetu walikuwa na makuti, yakiruka unakata mengine jioni unalala. Kuti halina geji wala halitoi jasho. Na ndani baridi tele.

---

Mhandisi wa Jioni

Makuti yana panya, nge, na cheche moja tu ya jiko la jirani mtaa mzima unahama. Na ukihesabu unavyobadilisha kila baada ya miaka michache

---

Mkorosho Mkongwe

Mhandisi nilisema toka.

---

Babu Ng'apa

Panya hata kwenye bati yupo, tofauti wa kwenye bati anapiga kelele usiku.

---

Kijana wa Shangani

Ila 2019 kimbunga Kenneth kilivyokuja tulijazana ndani, kina mama wanasoma dua, kikapinda kikaenda kuwapiga ndugu zetu Msumbiji. Hivi kingetua kwetu na mafundi hawa tulionao? Si tungebaki Mtwara nzima tunaangaliana.

---

Bati Bei Poa

Wadau bati zote zipo, migongo mipana, migongo midogo, za rangi, za msauzi, geji yoyote. Njoo pm tuongee. Usafiri bure ndani ya manispaa.

---

Nyundo Butu

Wee Bati Bei Poa, we ndo ulimpa geji 32?

---

Bati Bei Poa

Njoo pm.

---

Mama Wawili

Mnalia na bati mna afadhali bati linaonekana. Mimi fundi cherehani, simtaji, yule anayeweka kitambaa begani kama padri, nimempa vitambaa vya sare ya harusi ya mdogo wangu miezi miwili kabla. Kila nikienda "dada bado kifungo". Kifungo gani kinafungwa miezi miwili. Siku ya harusi nimevaa dera. DERA. Mimi dada wa bibi harusi, kwenye picha nimesimama nyuma ya spika.

---

Binti Mikindani

Subiri, huyo ni wa karibu na soko kuu? Mwenye redio haizimwi?

---

Mama Wawili

Huyo huyo!

---

Binti Mikindani

Kanishonea gauni mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, nikamuuliza akasema ndo mtindo. Nikaenda nalo kipaimara mkono mmoja nimeuficha kwenye pochi ibada nzima.

---

Kusi la Alfajiri

Kwangu suruali alisahau mifuko. Aliichora kwa chaki.

---

Mtoto wa Ligula

Mtwara Kuchele hatuna mafundi, tuna wachekeshaji.

---

Mkorosho Mkongwe

Wakuu taarifa mpya. Fundi kapiga simu. Nikajua anaomba msamaha, nikaweka sauti kubwa na mke wangu asikie. Anauliza kama kuna pweza amebaki na ile elfu hamsini nimpe nani akija kijana wake. Nikamwambia nyumba inavuja. Akasema bosi usikaze kichwa, mbona nilionja, halikuwa na ladha ya mvua.

Halikuwa na ladha ya mvua!!! Baba mkwe yupo pembeni anasikia. Kaomba apelekwe stendi. Hajamaliza hata chai.

---

Kijana wa Shangani

Hivyo vitambaa vya sare vilikuwa rangi gani Mama Wawili?

---

Mama Wawili

Dhahabu na zambarau, mita sita na nusu. Nilivinunua Dar mwenyewe nikavibeba kwenye basi nimevipakata kama mtoto.

---

Pweza Mkavu

Dhahabu na zambarau? Yule fundi bati jirani yangu ana shati la dhahabu na zambarau. Na mapazia.

---

Binti Mikindani

Haaaaa

---

Mama Wawili

Pweza usinitanie.

---

Mkorosho Mkongwe

Wakuu mvua imerudi. Beseni limejaa.

---

Kusi la Alfajiri

Pole mkuu, mwaga uweke tena. Enhe Pweza, hilo shati kalivaa wapi?

---

Pweza Mkavu

Akienda msibani. Tandahimba.