Antivirusi imemwita mama mkwe mvamizi, sebuleni kwangu, kwenye TV ya inchi 55

Kisiki Mkavu (mleta uzi):
Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa jikoni maana sebuleni sina uso wa kurudi.

Huyo jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Anakuja ndani ya laptopu mpya bila kualikwa, anajibanza kona ya kulia chini jirani na saa. Siku za mwanzo za bure ni mpole utadhani mchumba. Zikiisha, kila ukigusa kibodi anadai hela. Nikalipa. Nimesema NIKALIPA, ya mwaka mzima, ili anyamaze. Hajanyamaza. Wi-Fi yako haiko salama! Ruta yako ina udhaifu! Kuna watu wanaweza kukuona! Nani anione mimi, nyumba yenyewe haijapigwa hata plasta?

Sasa leo. Mama mkwe kafika kutoka Njombe na basi la alfajiri, mashemeji wamejaa, wife kapika pilau. Nimechomeka laptopu kwenye TV tuangalie picha za send-off ya shemeji mdogo. Mama kaomba Wi-Fi awarushie picha wenzake wa kwaya. Nikamwandikia paswedi kwenye karatasi kwa adabu zote, kaiingiza herufi moja moja, miwani puani.

Kaingia tu, PAAA! TV nzima nyekundu. Shemeji alikuwa analishwa keki, kazibwa uso. Kifaa kisichojulikana kimeingia kwenye mtandao wako, huenda ni mvamizi, je, azuiwe?

Ilikuwa kwa Kiingereza, nikajua nimepona. Kumbe nina mtoto darasa la tatu, nauza mpaka kuku kumlipia ada ya hicho Kiingereza. Kasimama, kasoma, kageuka: "Bibi, wanasema wewe ni mvamizi. Baba akuzuie?"

MBELE YA UKOO MZIMA.

Mama hakusema kitu. Kaichukua simu, kaitia kwenye pochi, kavuta zipu. Ile zipu, wakuu! Imesikika mpaka Mbezi. Ndipo kasema, "Baba Junia, kama nimezidisha siku mngeniambia tu." Hajalala hata usiku mmoja!

Haya maonyo ni ya kweli au ni biashara? Mimi nasema ni wizi mtupu. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa mafundi simu.

Bamia Tatu:
Hahahahaaa "Baba akuzuie?" Huyo mtoto apewe soda. Nimekaa paleee.

Ngalawa Bovu:
Hii chai. Weka picha ya TV.

Kisiki Mkavu:
Picha nipige saa ngapi, zipu inafungwa?

Fundi Waya:
Mkuu, onyo hilo ni la kweli, ila halina adabu. Hiyo programu inachungulia nani kaingia kwenye Wi-Fi yako, ikiona simu mpya inapiga yowe. Haijui mkwe wala mwizi. Na tangu Android 10 na iOS 14, simu inaficha anwani yake halisi ya MAC, yaani namba ya utambulisho iliyotoka nayo kiwandani, inavaa ya kubuni kila ikiingia Wi-Fi mpya, kwa hiyo kwa anwani hiyo programu haiwezi hata kukisia ni simu ya kampuni gani.

Kujua lipi la kweli: onyo la maana linataja ugonjwa. Litakwambia usimbaji fiche, yaani kufuli la Wi-Fi yako, ni wa kizamani, au paswedi ya ruta bado ni ya kiwandani, au programu ya ruta haijasasishwa. Hayo unayahakiki mwenyewe. Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au ile namba iliyobandikwa chini ya ruta, angalia sehemu ya usalama. Ukikuta WEP, lile kufuli la zamani, hiyo ilishavunjwa tangu 2001, badilisha leo leo. Ukikuta kufuli za kisasa, WPA2 yenye AES, au WPA3, kalale. Hata iPhone huandika chini ya jina la Wi-Fi kwamba usalama ni dhaifu, mara nyingi kwa sababu ruta imewekwa TKIP, usimbaji wa kizamani. Apple hawakuuzii antivirusi, hawana cha kukutishia. Ila onyo linalosema "uko hatarini" tu, halafu chini kuna kitufe cha kulipia VPN, ile huduma ya kuficha mawasiliano yako, hilo ni tangazo.

Swali dogo: jina na paswedi ya kuingia kwenye ruta yako bado ni admin na admin, vile vya kiwandani?

Kisiki Mkavu:
Mimi naongelea mama mkwe wewe unaniletea usimbaji. Kwani mama mkwe ana AES? Kaitwa MVAMIZI, na mjukuu wake mwenyewe.

Bamia Tatu:
Amekwepa swali. Ni admin admin huyo.

Fundi Waya:
Haswa. Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai, kazi yake ilikuwa kujaribu orodha fupi tu ya paswedi za kiwandani. Kilizoa kamera na ruta kwa mamia ya maelfu. Wenye nazo wote walikuwa wanasema nani anione mimi.

Mjukuu wa Chifu:
Afadhali wewe, antivirusi yako ipo kweli. Mzee wangu aliingia tovuti ya kuangalia mpira wa bure, ikamuuliza kitu, akabonyeza kuruhusu. Sasa kila asubuhi simu inamwambia ana virusi watano, na nembo ya antivirusi ambayo hajawahi kuiweka. Siku hizi simu analaza nje ya chumba, anasema wasije wakamwingia mama.

Fundi Waya:
Hizo ni arifa za kivinjari, hakuna virusi hapo. Ingia Chrome, mipangilio, arifa, itoe hiyo tovuti. Antivirusi halisi ikikuonya, ukiifungua yenyewe utalikuta onyo lile lile ndani. Usipolikuta, umetapeliwa.

Ngalawa Bovu:
Hata hao halisi si wa kuaminika. Mwaka 2024 FTC, tume ya biashara ya Marekani, iliibana kampuni ya antivirusi ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea wateja wake, kupitia kampuni yake tanzu Jumpshot. Unamlipa akulinde, anakuanika.

Kisiki Mkavu:
Wangu siye huyo, ila na yeye akatwe tu.

Chapati ya Jana:
Halafu Windows 10 na 11 zina Defender ndani, bure. Mkuu unalipia nini hasa?

Kisiki Mkavu:
Nalipia anyamaze.

Chapati ya Jana:
Na hanyamazi.

Bibi Mdadisi:
Mimi ningeomba mlinzi kama huyo. Apartimenti nzima walikuwa kwenye Wi-Fi yangu. Dada wa ghorofa ya pili ananigongea mlango usiku: "Mama, mtandao umekuwa mzito, una nini?" Ananiuliza mimi ninayelipa! Nikabadilisha paswedi, siku mbili wamerudi.

Fundi Waya:
Zima WPS kwenye ruta, ile njia ya kuunganisha simu bila kuandika paswedi. Ile PIN yake ya tarakimu nane ilionekana mbovu tangu 2011. Au una mtoto anayegawa paswedi kwa pipi.

Bibi Mdadisi:
Ni pipi. Nimemuuliza sasa hivi.

Kibanda Umiza:
Nyie mna Wi-Fi mnalalamika. Mimi bando la wiki limeisha nikiwa usingizini, simu nimeizima. Nawapigia watu wa laini, wananiambia nimeangalia video. Nimeangalia video na nini, ndoto?

Mjukuu wa Chifu:
Hao mnawajua. Wangu wamenikata hela ya mlio wa simu wa kaswida, mimi Mlutheri.

Bamia Tatu:
Kaswida hahahaha. Mimi wamenisajili "dondoo za mapenzi". Mke kaziona yeye kwanza.

Kisiki Mkavu:
Wakuu, tusitoke kwenye mada. Mama mkwe anauliza ratiba ya mabasi ya kesho. ILE ZIPU jamani.

Kibanda Umiza:
Mkuu wa dondoo, ulijitoaje? Ukituma neno la kujitoa na kwenyewe wanakata.

Bamia Tatu:
Sikujitoa. Tunasoma wote sasa.

Ngalawa Bovu:
Zipo za leo? Zimwage hapa.

Dalali wa Posta:
Nauza ruta, mpya kwenye boksi, inakubali laini zote, ipo Kariakoo. Njoo PM.

Fundi Waya:
Ina WPA3?

Dalali wa Posta:
Ina taa nne.